Jinsi ya kutoa siti za gari ya zamani na kufunga nyingine: kuanzia bolti yenye kutu mpaka mkanda

Siti nyingi za mbele zimeshikwa na bolti nne tu, mbili mbele mbili nyuma, kwahiyo kwenye gari mpya ukiwa na soketi sahihi unaitoa fasta na wala hutoki jasho. Gari ya zamani ni habari nyingine. Hizo bolti nne zimekaa hapo miaka 20, 30, kwa chini zinapigwa maji na matope, kwa juu kapeti linatunza unyevu, afu katikati hapo kuna fundi alishawahi kuzifungua akapoteza moja akaweka bolti yoyote aliyoiona karibu. Ndo maana sehemu kubwa ya maelezo haya itakuwa kutu, bati la sakafu na bolti, maana hapo ndo penye kazi, kuinua siti yenyewe ni mwisho kabisa.

Na kwanini nang'ang'ania bolti na bati: sheria ya usalama wa magari ya Marekani, FMVSS 207, inataka siti ihimili nguvu ya mara 20 ya uzito wake, ikivutwa mbele na ikivutwa nyuma. Siti ya kilo 20 maana yake vishikio vyake vinatakiwa vibebe mzigo wa kama kilo 400, na hapo mtu bado hatujamhesabu. Kama kifungio cha mkanda kimefungwa kwenye siti yenyewe (angalia yako, gari nyingi ziko hivyo) basi na mzigo wa mkanda nao unapita kwenye bolti hizo hizo. Mtu akikwambia weka bolti yoyote tu itashika, mwache aongee. Itashika ukiwa umepaki.

Ijue siti yako kabla hujashika spana

Chuchumaa, chukua tochi, mulika chini ya siti. Unatafuta waya. Kama hakuna waya hata mmoja, hongera, siti yako ni chuma na sponji basi. Kama zipo, angalia rangi ya plagi. Plagi ya njano maana yake ni mfumo wa eabegi au mkanda unaojikaza wenyewe kwa kibaruti kidogo. Pia angalia ubavu wa siti, ule upande wa mlango, kama kuna kilebo kimeandikwa SRS (jina la mfumo wa eabegi) au AIRBAG.

Usijidanganye kwamba gari ni ya zamani kwahiyo haina vitu hivyo. Mercedes-Benz walianza kuweka mkanda wa kujikaza kwenye S-Class mwanzoni mwa miaka ya 80, na Volvo wakaleta eabegi ya ubavuni ndani ya siti kwenye 850 katikati ya miaka ya 90. Gari ya mwaka 1997 wengi tunaiita ya zamani na inaweza kuwa na vyote.

Kingine ni kujua chini ya siti kuna nini. Kwenye Volkswagen Beetle betri iko chini ya siti ya nyuma. Kwenye Hiace nyingi za zamani injini iko chini ya siti za mbele. Land Rover za zamani unaweza kukuta betri au tangi la mafuta chini ya siti ya mbele. Na saluni kibao, ukinyanyua kalio la siti ya nyuma unakutana na kifuniko cha pampu ya mafuta. Kwahiyo cheche, drili ndefu na tochi ya gesi zote zinahitaji ujue kwanza unatoboa kuelekea wapi.

Hiyo ya Beetle ina hatari yake ambayo watu wanaisahau wakati wa kurudisha. Chini ya kalio la siti ile kuna springi za chuma. Kama kifuniko cha betri hakipo na mtu mzito akakaa, springi zinashuka zinagusa vichwa vya betri, zinapata moto mpaka zinakuwa nyekundu, na siti za asili zilijazwa manyoya na nyuzi zinazoshika moto haraka. Gari zimeungua hivyo. Kabla hujarudisha siti ya nyuma ya gari yenye betri chini, kifuniko kiwepo na kikae vizuri, usiweke kipande cha kapeti ukajiita umemaliza.

Vifaa

Racheti ya nusu inchi na mpini mrefu, kipande cha kuongeza urefu, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, bisibisi bapa kubwa, blanketi mbili za zamani, glovu, na mifuko midogo ya kuwekea bolti. Chukua soketi za pembe sita, zile za pembe 12 kwenye bolti yenye kutu zinateleza zinakula kichwa na ukishafika hapo umejiongezea kazi.

Saizi zinategemea gari imetoka wapi. Gari nyingi za Japani bolti ya siti ni kichwa cha mm 14. Za Ulaya utakutana na bolti za nyota, T45 au T50, na kwenye familia ya Volkswagen na Audi kuna zile za meno 12 kwa ndani zinaitwa XZN. Ukiitazama haraka unadhani ni nyota au Allen, unaingiza unachojua, unapiga nguvu, meno yanaisha. Safisha tundu la kichwa kwa msumari mwembamba utoe uchafu wote, tazama vizuri, ndo ununue biti yake. Gari za Marekani za zamani ni za inchi, 1/2 au 9/16 mara nyingi, zilizofuata unakuta mm 13, 15 mpaka 18.

Kabla ya kufungua chochote piga picha. Njia ya waya, upande wa kila bolti, wosha zilivyopangwa, zile plastiki za kufunika bolti. Wiki mbili zikipita hautakumbuka.

Betri na plagi za njano

Hapa mpangilio una maana. Kama siti yako ni ya umeme, isogeze KWANZA ndo uchomoe betri, maana utahitaji kuipeleka mbele kabisa upate bolti za nyuma, na nyuma kabisa upate za mbele. Watu wanachomoa betri kwa kufuata usalama afu wanashangaa siti haisogei. Fungua bolti za nyuma siti ikiwa mbele, rudisha siti nyuma, legeza za mbele, acha siti katikati ili iwe na uzito sawa, hapo sasa chomoa betri, na wakati wote huo plagi za chini ya siti hujazigusa.

Kama umeme wa siti umekufa na imeganda sehemu mbaya, tafuta plagi ya mota yenyewe (waya mbili nene zinazoingia kwenye mota), ichomoe, uipe umeme wa volti 12 moja kwa moja, ukigeuza waya inaenda upande wa pili. Hakikisha ni za mota. Plagi ya njano haiguswi na umeme wowote, hata mita ya kupimia usiiweke, maana mita nayo inatoa umeme kidogo na kile kibaruti hakihitaji mwingi.

Ukishachomoa nguzo hasi ya betri, subiri. Kompyuta ya eabegi ina akiba ya umeme ndani yake. Toyota kwenye vitabu vyao wanasema angalau sekunde 90, wengine wanataka dakika tatu na zaidi. Mimi naona dakika kumi hazimuui mtu, tumia huo muda kusafisha bolti. Baada ya hapo ndo unachomoa plagi ya njano, na kuanzia sasa mpaka siti irudi na plagi irudi, USIWASHE swichi. Ukiwasha na plagi iko wazi taa ya eabegi itawaka kwenye dashibodi na itang'ang'ania hapo mpaka mtu aifute kwa mashine.

Siti yenye eabegi ukiitoa iweke imesimama kama inavyokaa kwenye gari, na ule upande wa eabegi usiuelekeze kwa mtu wala usiuegemeze ukutani.

Kama redio ya gari yako ni ile ya kuomba namba za siri umeme ukikatika, zitafute kabla.

Kufungua bolti zenyewe

Anzia chini ya gari, sio ndani. Kwenye gari nyingi ncha ya bolti ya siti inatokeza chini ya sakafu, na hiyo ncha ndo imeoza, imejaa matope na rangi ya lami. Ukianza kufungua kutokea juu unaivuta ile kutu yote ipite kwenye meno ya nati, na hapo ndo bolti zinakatika. Inua gari, weka stendi (usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake), sugua ncha zote kwa brashi ya waya mpaka uone meno yanang'aa, afu puliza mafuta ya kulegeza kutu. Jioni puliza, asubuhi puliza tena. WD-40 ya kawaida inasaidia ila kuna mafuta maalum ya kutu yanayopenya vizuri zaidi, hata mchanganyiko wa ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) na asitoni nusu kwa nusu mafundi wengi wanautumia, ila asitoni inawaka upesi na inakula rangi na plastiki kwahiyo pole pole nayo.

Sasa ingia ndani. Soketi ikae mpaka mwisho, iwe imesimama wima. Kabla ya kufungua, kaza kidogo. Ndio, kaza, kama robo ya robo ya mzunguko, utasikia "tk" kutu inavunjika. Hapo ndo unageuza kufungua. Ikifunguka nusu mzunguko afu ikaanza kuwa ngumu, usilazimishe, irudishe ndani, puliza mafuta, toa tena, unaenda mbele unarudi nyuma, kila mara unapata zaidi kidogo. Inachosha na inatia hasira ila ndo njia. Mashine ya kufungulia kwa kugonga mimi siipendi iwe ya kwanza kwenye bolti yenye kutu, inakata vichwa kabla hujajua kinachoendelea. Baada ya bolti kukubali kusogea kwa mkono hapo tumia unavyotaka.

Moto unasaidia kweli, ila fikiria ulipo. Juu kuna sponji na kapeti, moshi wa sponji ni sumu, na chini ya sakafu kuna lami ya kuzuia kutu, bomba za breki na wakati mwingine bomba za mafuta. Kama lazima, pasha nati kwa chini, kwa muda mfupi, kapeti limefunuliwa, mtu wa pili yuko ndani na kizima moto mkononi. Kwenye siti yenye plagi ya njano usipashe kabisa.

Nati ikizunguka, bolti ikikatika

Nati nyingi za siti zimechomelewa chini ya bati. Kutu ikila ile chomelea, unazungusha bolti na nati nayo inazunguka, hakuna kinachofunguka. Kama unaiona kwa chini, ibane na vaisi gripu mtu mwingine afungue juu. Kama imejificha ndani ya boksi la chesisi, jaribu kwanza kuingiza bisibisi bapa au mtaimbo mdogo chini ya mguu wa reli, inua kwa nguvu ili bolti ivutwe juu huku unafungua, mara nyingi ule mvuto unatosha kuishika nati. Ikigoma, kata kichwa cha bolti kwa grainda utoe siti, afu ushughulikie nati ukiwa na nafasi. Ukitumia grainda ndani ya gari funika vioo vyote kwa blanketi nzito, cheche zake zinajichimbia kwenye kioo na hazitoki tena, na kapeti liondoe ama ulimwagie maji.

Bolti iliyokatika ikabaki ndani ya nati: toboa katikati kabisa, anza na biti ndogo ya mm 3, panda taratibu. Ukitaka kurudishia meno ya M10 (bolti ya unene wa mm 10), tundu la mwisho kabla ya tapu, kile kifaa cha kukatia meno, ni mm 8.5 kwa meno ya 1.5 (nafasi kati ya jino na jino kwa mm) na mm 8.8 kwa meno ya 1.25. Hapa ndo watu wanaharibu. M10 ya gari za Japani mara nyingi ni ya meno membamba, 1.25, na ya duka la vifaa ni 1.5, kwa macho zinafanana, inaingia mizunguko miwili afu inakuwa ngumu, mtu anadhani ni kutu anaongeza mpini, kwisha habari. Bolti sahihi inaingia kwa vidole mizunguko kadhaa. Isipoingia kwa vidole sio yenyewe au meno ni machafu.

Bolti za mikanda ndo zina mtego wao kabisa. Gari nyingi sana, hata zile ambazo kila kitu ni milimita, bolti ya mkanda ni ya inchi: 7/16 UNF (meno membamba ya inchi), meno 20 kwa inchi, kichwa unakuta mm 17 au nyota T50. Unene wake ni mm 11.1. M10 inaingia humo inacheza cheza na ukikaza inaonekana kama imeshika, M12 inakwaruza inaua meno. Zote mbili hapana. Sheria ya Marekani ya FMVSS 210 inataka vishikio vya mkanda wa kiunoni peke yake vivumilie pauni 5,000, ni kama kilo 2,270, bolti ya kubahatisha haifiki huko. Zile bolti za mikanda ulizotoa zifungie mfuko wake peke yake na uandike.

Kuitoa nje

Toa kiegemeo cha kichwa, laza mgongo wa siti mbele, tandika blanketi kwenye kizingiti cha mlango na kwenye nguzo. Reli kwa chini zina makali kama kisu, zinachana kapeti, rangi na vidole. Tafuta mtu wa pili, siti ya umeme inaweza kuzidi kilo 30 na inabidi uigeuze ukiwa umeinama vibaya, mgongo utakukumbusha.

Siti ikishatoka usishike ile nondo ya kusogezea. Ukiivuta reli zinaachia, moja inateleza hatua moja zaidi ya nyingine, na wakati wa kurudisha matundu hayakutani hata kidogo, unaishia kupiga nyundo bila sababu. Kama zimeshapishana, nyanyua nondo, sukuma reli zote mbili mpaka mwisho kabisa upande mmoja, achia, hakikisha zote mbili zimelia na kujifunga.

Siti ya nyuma ni tofauti. Kalio kwenye gari nyingi limeshikwa na klipu mbili tu kwa mbele: ingiza mkono chini ya ukingo wa mbele, karibu na klipu yenyewe, vuta juu kwa mshtuko mmoja, afu upande wa pili. Usivute katikati, fremu inapinda. Saluni za zamani nyingine, hasa za Marekani, hazina klipu, ni ndoano, unasukuma kalio kwa goti kuelekea nyuma huku unanyanyua. Ukivuta na haitaki, acha nguvu, tafuta bolti moja moja iliyojificha pembeni au katikati kwenye mkunjo. Mgongo wake mara nyingi una bolti za mm 10 au 12 kwa chini, ukizitoa unaunyanyua wote juu utoke kwenye ndoano. Vifungio vya mikanda vipitishe kwenye nafasi zake taratibu.

Sakafu

Siti zikiwa nje ndo nafasi pekee ya kuona sakafu yako ukweli wake, kwahiyo usikimbilie kufunga. Funua kapeti, likiwa limelowa chini kausha siku kadhaa na utafute maji yanaingilia wapi. Piga piga bati kwa kishikio cha bisibisi kuzunguka kila tundu la siti. Bati zima linalia, bati lililooza linatoa sauti ya kufa na bisibisi inazama. Kama bati kuzunguka tundu limeoza, siti hairudi hapo mpaka likatwe na lichomelewe bati jipya, kupaka rangi juu yake au kuweka wosha kubwa ni kujificha tu.

Kama bati lina afya ila ni jembamba na nati ya asili imekufa, weka sahani ya chuma kwa chini. Kipimo cha kuazima ni cha mashindano: kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka bolti zisizopungua mm 8, sahani ya chuma ya unene wa mm 3 au zaidi, na eneo la kugusana la sentimita za mraba 40 kwa kila tundu, yaani kama kipande cha sm 6 kwa 7. Kona zake ziviringishe zisikate bati, paka rangi pande zote, weka silikoni ya bodi maji yasiingie.

Siti ya gari nyingine

Kama unarudisha siti zako zile zile ruka hapa. Kama umepata siti nzuri za gari nyingine, pima kabla hujatoa hela: upana kati ya matundu ya kushoto na kulia, urefu kati ya ya mbele na ya nyuma, na pima kila reli peke yake kwasababu reli ya ndani na ya nje mara nyingi hazilingani kimo, sakafu ina tuta katikati. Ndo maana siti ya kushoto huwezi kuipeleka kulia ukategemea ikae sawa. Pima pia upana wa siti yenyewe kwenye mabega, siti za kisasa zimenona pembeni, unaifunga vizuri kabisa afu mlango haufungi.

Kimo ndo kinawashinda wengi. Sm 4 za ziada kwenye gari ya zamani yenye paa fupi, kichwa kiko juu ya dari na magoti yako kwenye stelingi. Pima kutoka sakafuni mpaka pale unapokalia, siti ya zamani na mpya, mtu akiwa amekaa. Na ukumbuke siti haikai bapa, mbele iko juu kidogo kuliko nyuma, ukisawazisha miguu yote minne utakuwa unateleza mbele kila ukishika breki.

Njia safi kuliko zote ni kuchukua reli zako za asili na kuzihamishia chini ya siti mpya, ikiwezekana, maana reli zako zinakaa kwenye sakafu yako bila ubishi. Kama matundu ya siti mpya hayakutani nazo, tengeneza vipande vya kuunganisha kwa chuma bapa cha mm 3 kwenda juu, kwa bolti. Kuchomelea reli yenyewe sishauri, ndani mna gololi, plastiki na grisi, joto linaua vyote na siti inakuwa inakwama au mbaya zaidi haijifungi. Kupanga wosha tano sita ili kuongeza kimo pia hapana, bolti inakuwa na mguu mrefu usioshikwa na kitu na ikivutwa inapinda. Weka kipande kimoja cha chuma kizima chenye tundu.

Siti yenye kifungio cha mkanda juu yake usiiweke kwenye gari ambayo kifungio kilikuwa sakafuni afu ukatumia kile cha kwenye siti, maana matundu yako hayakutengenezwa kubeba mzigo wa mkanda. Tumia cha sakafuni. Kaa, funga, angalia: mkanda wa chini upite kwenye mifupa ya nyonga, sio tumboni.

Kuhusu eabegi, gari yako ikiwa haina tafuta siti isiyo nayo. Na kinyume chake, gari yenye eabegi ya siti ukiweka siti isiyo nayo taa itawaka, mtaani watakwambia weka rezista udanganye kompyuta. Taa inazimika, sawa, ila umejinyima kinga ya ubavuni na anayenunua gari baada yako hajui. Siti za mchezo zenye mgongo usiolala pia naziona hasara kwenye gari ya kila siku, kuingia na kutoka ni mateso.

Kitu kimoja kizuri cha kubadilisha ni siti fupi zisizo na kiegemeo cha kichwa. Marekani viegemeo vya siti za mbele vilikuwa lazima kuanzia Januari 1969, kwahiyo gari za kabla ya hapo nyingi hazina, na ukigongwa kwa nyuma shingo ndo inalipa.

Kufunga

Safisha reli, toa nywele, sarafu na grisi iliyokauka, paka grisi ya lithiamu kidogo tu, ukijaza inakusanya mchanga. Bolti mpya ziwe daraja (la uimara) 8.8 au 10.9, limeandikwa kichwani. Za inchi angalia mistari, mitatu ni daraja 5, sita ni daraja 8. Bolti za stenlesi zinazouzwa sana, A2-70, zinang'aa ila ni dhaifu kuliko 8.8 na zinapenda kuganda kwenye nati, ziache kwa urembo.

Ingiza siti, chomeka plagi, hakikisha waya haupiti kwenye njia ya reli. Anza bolti zote nne kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Ukikaza moja mapema tundu la nne litakukimbia. Afu ziwache zote zimelegea kidogo, peleka siti mbele mpaka mwisho kaza za nyuma, rudisha nyuma mpaka mwisho kaza za mbele, hivyo reli zinajipanga zenyewe sambamba. Siti ikisogea kwa uzito, legeza rudia.

Nguvu ya kukaza mwenye kauli ni kitabu cha gari. Ukikikosa, M8 ya 8.8 ni kama Nm (nyutonimita) 25 na M10 ya 8.8 kama Nm 45, kwa meno safi na makavu. Gundi ya bolti ya nguvu ya kati, ile ya bluu, tone moja inatosha. Bolti iliyopakwa mafuta usiikaze kwa namba hizo, inapitiliza.

Betri ni ya mwisho (siti ya umeme haisogei bila betri, kwahiyo ule mpango wa kusogeza na kukaza ufanye betri ikisharudi). Wakati unairudisha na kuwasha swichi mara ya kwanza asiwepo mtu amekaa kwenye siti. Taa ya eabegi itawaka sekunde chache izime. Ikibaki, zima, chomoa betri, subiri tena, ndo ukague plagi.

Sasa kaa, kanyaga breki kwa nguvu huku mgongo unasukuma siti, tikisa kushoto kulia. Sogeza siti hatua kwa hatua na kila hatua jisukume uone kama reli zote mbili zimejifunga, siti iliyojifunga upande mmoja inapinda kidogo ukijisukuma, utaihisi. Vuta mkanda kwa mshtuko, ugome. Kama ni gari ya milango miwili angalia loku ya mgongo unaolala.

Endesha kama kilomita mia mbili tatu afu pitisha spana tena kwenye bolti zote. Kama ulitumia gundi, gusa tu kwa namba ile ile bila kulegeza. Iliyolegea kaza, na uiangalie tena baada ya wiki. Ikilegea mara ya pili pale pale achana na hiyo bolti, ingia chini ya gari uangalie bati.